Taa Nyekundu ya Kompyuta ya Ndiva

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimekwisha, ukungu umebaki. Leo kompyuta imeganda mara nne, na mara ya nne nilikuwa nimebaki mimi na golikipa peke yetu. Mpira ukasimama hewani, kipa akasimama amenyoosha mikono, na ile taa nyekundu mbele ya boksi la kompyuta ikawaka bila kupepesa, huku diski ikikwaruza ndani kama panya aliyeingia kwenye gunia la mahindi. Mashine ilipozinduka, mpira ulikuwa mikononi mwa kipa. Nilipiga meza ngumi, kalamu zote zikadondoka.

Naandika kwenye shajara niliyoachiwa na mradi wa umwagiliaji kwa sababu sina wa kumlalamikia. Mimi ni Anold, katibu wa kamati ya ndiva. Ndiva yetu ni bwawa la udongo lililochimbwa na mababu hapa milimani, juu ya kijiji chetu cha Mamba. Maji ya kijito yanajikusanya humo tangu usiku, na saa kumi jioni, jua likipoa, mgawa maji anafungua lango na mwenye zamu ya siku hiyo anamwagilia mpaka giza liingie. Mwaka juzi mradi ulituletea kompyuta na kipimo cha kina cha maji, waya wake umevutwa kutoka bwawani hadi ofisini. Mradi ukaondoka, kompyuta ikabaki na mimi. Kazi yangu ni kuiwasha asubuhi, kuizima jioni na kuchapa orodha ya zamu. Muda unaobaki nacheza mpira wa kwenye kompyuta, na sioni aibu.

Alhamisi, 5 Juni

Imeganda mara sita.

Jumatano, 11 Juni

Nimelifungua boksi. Vumbi lilikuwa la kupandia mchicha. Kwenye feni nimekuta mayai mawili ya mjusi. Nikalisafisha kwa brashi ya rangi, taratibu, ndipo akaingia mwenyekiti wetu, mzee Eliufoo, ambaye hawezi kupita mlango bila kutoa amri.

"Katibu, unaichinja mashine ya kijiji?"

"Shikamoo mzee. Naisafisha. Inachelewa."

"Inachelewa wapi? Orodha ya zamu inatoka."

Nikamwambia ndiyo, inatoka. Mtu ambaye hajawahi kukosa penalti kwa sababu ya diski huwezi kumweleza kitu. Baada ya kuisafisha imekwenda vizuri kwa muda wa kuchemsha chai, kisha taa ikawaka tena.

Jumamosi, 14 Juni

Rodrick amenifunga tatu bila. Rodrick ndiye mgawa maji, na kati ya saa saba na saa kumi mchana hana kazi nyingine ila kukaa kwenye tuta la ndiva kulilinda lango. Badala yake anakuja ofisini, anashika pedi ya pili, anatafuna miwa na kutema makapi kwenye ndoo yangu ya karatasi. Mabao mawili kati ya matatu yaliingia mashine ikiwa ndiyo kwanza inazinduka, mabeki wangu bado wamelala.

"Mashine inawajua wenyewe," akasema.

Simpendi. Ila hakuna mwingine anayejua kucheza.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeteremka Same. Huku kwetu bado tunavaa masweta, kule chini upepo wa moto unakupiga vumbi usoni tangu unaposhuka kwenye gari. Nikaenda kwa Muhidin, fundi wa kompyuta karibu na stendi, nikamweleza yote. Hakunisikiliza vizuri, alikuwa anachomelea simu ya mtu. Nilipomaliza akaniuliza, "Kaka, mashine yako ina RAM kiasi gani?" Nikamwambia. Akacheka hadi akaweka chini kile kichomeleo.

"Hiyo kumbukumbu ni ndogo. Ikijaa, kompyuta inahamishia vitu kwenye diski, na diski ina mwendo wa kobe. Weka nyingine. Zima na ile programu ya kuzuia virusi isikague faili wakati unacheza. Lakini taa ikiendelea kuwaka, ujue kuna kitu kinaandika. Tafuta kwanza kinaandika nini kabla hujakizuia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Nimechukua RAM nikaondoka bila kumuaga sawasawa.

Ijumaa, 20 Juni

RAM imeingia. Mchezo umekwenda nusu saa bila kuganda, nikaimba. Baada ya nusu saa nikaacha kuimba.

Jumanne, 24 Juni

Nimezima ukaguzi wa virusi. Nimefuta picha zote za semina za mradi. Nimeipanga diski upya, imechukua siku nzima. Taa bado inawaka. Mzee Eliufoo amepita kuuliza kwa nini sijabandika orodha ya Julai. Nikamjibu vibaya.

Ijumaa, 27 Juni

Nimempata mchawi!

Nilifungua ile orodha inayoonyesha kila programu inakula nini, nikazipanga kwa ulaji wa diski. Aliyekaa juu kabisa hakuwa mchezo wangu. Ilikuwa programu ya ndiva. Kila sekunde inapokea kina cha maji kutoka bwawani, na badala ya kuongeza mstari mmoja chini ya mingine, inaandika upya faili zima la miaka miwili, kuanzia siku ya kwanza. Kila sekunde! Na faili linazidi kunenepa kila siku. Ndiyo maana mwaka jana mchezo ulikuwa unakwenda na mwaka huu hauendi.

Nikaifunga. Taa ikazimika, diski ikanyamaza, na wachezaji wakakimbia kama watu waliofunguliwa kamba.

Nimeamua hivi. Saa saba naifunga, saa kumi naiwasha kabla Rodrick hajafungua lango. Kati ya saa hizo maji yamekaa tu bwawani. Nani anataka kujua kwamba maji yamekaa?

Jumamosi, 28 Juni

Nne bila. Rodrick ametafuna muwa kimya kimya.

Jumapili, 6 Julai

Mama Blessing leo kasimama kanisani kutangaza mkutano wa akina mama, na alipopita karibu na benchi letu akanitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichokanyaga kinyesi.

Miaka minne iliyopita nilipeleka posa kwa binti yake, Blessing. Wazee wa ukoo wetu wakakaa sebuleni kwake na makofia yao magotini. Akawanywesha chai, akawasikiliza, akawaambia, "Binti yangu haolewi na mtu mzima anayecheza mpira kwa vidole." Wazee waliirudisha ile sentensi nyumbani neno kwa neno, na mpaka leo vijana wa kijiweni wananichezeshea vidole nikipita. Blessing ameolewa Moshi.

Namchukia yule mama. Naandika wazi, hii ni shajara yangu. Shamba lake liko chini kidogo tu ya tuta la ndiva, na mwaka huu amepanda maharage mtindo mmoja, mistari imenyooka kama ya daftari. Hata mistari yake naichukia.

Jumanne, 15 Julai

Nimemfunga Rodrick tano. Baridi kali.

Jumatatu, 21 Julai

Nimerudi kutoka Same, harusi ya binamu. Niliondoka Jumamosi kwa haraka hadi nikasahau kuzima mashine, imekesha siku mbili. Haijaungua.

Alhamisi, 24 Julai

Watu wanalalamika kwamba ndiva haijai. Saa kumi Rodrick akitumbukiza fimbo ya kupimia, maji hayafiki alama ya juu. Aliyekuwa na zamu jana, mama mmoja anaitwa Koleta, amemwagilia nusu ya tangawizi yake, nusu imebaki na kiu. Amekuja ofisini kunifokea mimi. Mimi si mvua.

Jumamosi, 2 Agosti

Kikao kimekaa tangu saa tatu hadi saa saba.

Mzee Eliufoo alianza kwa kukohoa kimwenyekiti. "Wiki tatu sasa ndiva inafika saa kumi haijajaa. Kijito hakijapungua, nimekwenda kukiona mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtu anafungua mchana."

Rodrick akainuka, akajipangusa suruali. "Mimi sipendi kusema watu. Ila Alhamisi nilimkuta Mama Blessing kwenye tuta, na jembe. Na mfereji wake ulikuwa na maji, siku ambayo si zamu yake."

Watu wakaguna. Mama Blessing hakuinuka, aligeuza shingo tu.

"Ulinikuta saa ngapi, Rodrick? Mimi nilikuwa pale tangu saa nane natafuta maji yale yanatokea wapi. Nilikaa mpaka karibu saa kumi. Mgawa maji sikumwona."

"Nilikuwa upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini? Bwawa lile ukipiga chafya unasikika pande zote."

Alhamisi saa nane Rodrick alikuwa ananifunga bao la kona.

Mzee Eliufoo akapiga meza. "Msibishane. Tuna mashine. Tuliambiwa inayaona maji kila sekunde. Katibu, soma Alhamisi, kuanzia saa saba."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na karatasi mkononi, nilizichapa asubuhi, na nilijua zilivyo. Saa sita na dakika hamsini na tisa kuna namba, halafu hakuna kitu mpaka saa kumi kasoro dakika tano.

"Mashine ilikuwa na hitilafu," nikasema.

"Na Jumanne?" akauliza Mama Blessing.

"Na Jumanne."

"Hitilafu yenye ratiba."

Watu walicheka, lakini walimcheka yeye, kwa sababu mwizi anayejitetea huwa anachekesha. Kamati ikakata shauri palepale. Atoe beberu mmoja wa faini, na akose zamu mbili. Zamu kwetu inarudi kila baada ya siku kumi, na ya kwanza atakayokosa ni ya kesho kutwa. Maharage yake yameanza kutoa maua wiki hii. Kila mtu pale ndani ni mkulima, kila mtu alijua hukumu ile maana yake nini: maua ya maharage yakikosa maji hudondoka bila kufunga ganda.

Mama Blessing akasimama, akakunja kitenge chake. "Sijafungua lango la mtu," akasema, akatoka.

Jumapili, 3 Agosti

Nimefurahi. Sitajidanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Kanisani ameketi benchi la nyuma, na mkutano wa akina mama umetangazwa na mtu mwingine. Nimeimba wimbo wa kufunga ibada kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, ofisi imefungwa. Nimempita Mama Blessing shambani. Amebeba maji ya kijito kwa ndoo, anamimina kwa kikombe kwenye shina moja moja. Mistari mirefu. Alikuwa amefika wa tatu. Nilitaka kufurahi tena, haikuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nilikwenda ofisini kughushi. Niseme hivyo hivyo. Niliogopa kwamba siku moja mtu wa wilayani atafungua lile faili na kuona mashimo yote ya saa saba hadi saa kumi, kwa hiyo nikaamua kuyaziba kwa namba za kubuni. Namba za kubuni zinahitaji mfano, siku moja iliyokamilika, ya Julai hii hii, ambayo naweza kuinakili. Tangu mwisho wa Juni siku nyingi zina tundu. Nikashuka na kushuka kwenye faili hadi nikaipata, Jumapili ya tarehe 20 Julai, siku ya harusi, niliyosahau mashine ikiwaka.

Jumapili lango halifunguliwi na wote tuko kanisani. Ndiva ilitakiwa kujaa mpaka juu, sentimita mia moja na hamsini. Namba zikapanda vizuri asubuhi, mia, mia na kumi, mia na ishirini, mia ishirini na mbili. Hapo zikasimama. Mchana kutwa, mpaka jioni, mia ishirini na mbili. Maji yanaingia na bwawa halipandi.

Mwizi akifungua lango, maji yanashuka. Haya hayakushuka hata sentimita. Yalifika mahali yakawa yanatoka sawasawa na yanavyoingia.

Nilichukua fimbo nikaenda kwenye tuta. Nilipima kutoka chini mpaka mia ishirini na mbili, nikafuata usawa ule pembeni ya bwawa huku nimeshika nyasi nisitumbukie. Nyuma ya kichaka nikaliona. Shimo la fuko, yule mnyama kama panya anayechimba ardhini, pana kama kikombe cha chai, maji yanaingia humo bila hata kutoa sauti. Upande wa pili wa tuta yanatokea chini ya majani na kuingia moja kwa moja kwenye mfereji wa Mama Blessing, sehemu ya chini, ambako hajapanda kitu. Hata hayamfai. Na kama programu ingekuwa inaandika kila mchana, mimi mwenyewe ningeliona jambo hili mwezi mmoja uliopita nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Nimemwita Rodrick, nikamwonyesha. Akachuchumaa, akachungulia, akasimama.

"Tunaziba."

"Halafu tunawaambia?"

"Tunawaambia nini? Kwamba mgawa maji na katibu walikuwa wanacheza gemu? Anold, ukisema tumekwisha wote wawili. Naziba Jumatatu kwa udongo wa mfinyanzi, basi."

Nikachukua fimbo yangu nikaanza kurudi. Hilo alilichukua kama jibu, na hakukosea.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaziba.

Jumanne, 12 Agosti

Ndiva imejaa hadi alama ya juu. Mzee Eliufoo kasimama kwenye tuta na mikono kiunoni, anamwambia kila anayepita, "Mmeona? Mwizi kaadhibiwa, maji yamerudi."

Rodrick alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilitamani kumsukuma bwawani. Tulipokubaliana kuziba sikuwaza kwamba haya yatatokea, wala Rodrick, nadhani, hakuwaza, au labda yeye aliwaza. Tulichokiziba kimekuwa ushahidi dhidi ya yule mama. Sasa hata waliokuwa na shaka hawana.

Sijacheza leo. Pedi nimeifungia kwenye kabati.

Jumatano, 13 Agosti

Saa nne asubuhi Mama Blessing kaingia ofisini. Hajawahi kukanyaga humu. Nikasimama bila kujua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikuja kuomba huruma, katibu. Naenda kwa mtendaji wa kata. Nataka uniandikie kwenye karatasi kwamba mashine ilikuwa na hitilafu, siku zile, saa zile, utie sahihi na mhuri. Nikaulize wenye akili kama hitilafu inaweza kwenda saa saba na kurudi saa kumi."

Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa mkono wa ndoo. Nikachukua karatasi. Nikaandika tarehe. Nikaandika "Yah:" na nukta mbili, na hapo kalamu ikakataa. Nilikuwa tayari nimesema uongo mbele ya watu arobaini na sikufa. Kuuandika mbele ya mtu mmoja, naye amekaa anausubiri, sikuweza.

"Haikuwa hitilafu," nikasema. "Nilikuwa naifunga mwenyewe."

Hakushtuka. "Kwa nini?"

"Ilikuwa inafanya mchezo ugande."

"Mlikuwa mnacheza."

"Ndiyo."

"Na Rodrick?"

"Na Rodrick. Maji yalikuwa yanapitia shimo la fuko. Nimeliona Jumamosi. Tumeliziba."

"Jumamosi," akasema. "Leo Jumatano."

Nimejua siku nne, na zamu yake ya pili ni kesho, na siku zote nne nilipita njia ile ile ya shambani kwake.

Akausogeza mhuri karibu na mkono wangu. "Andika hivyo hivyo ulivyosema. Usipunguze fuko, usipunguze Jumamosi."

Nikaandika ukurasa mzima. Akausoma mara mbili, akaukunja, akautia kifuani. Mlangoni akageuka.

"Eti wewe ndiye ningekuozesha binti yangu!" akasema, akaondoka zake.

Jumamosi, 16 Agosti

Kikao cha pili. Rodrick kanyang'anywa ugawaji wa maji, na amenitemea mate miguuni mbele ya wote. Mzee Eliufoo anasema alishuku tangu mwanzo. Beberu wa Mama Blessing karudishwa, nami natakiwa nitoe wangu. Zamu yake kapewa tangu juzi, na zangu zote za msimu huu nimempisha. Tangawizi yangu itajijua.

Koleta akatoa hoja kwamba kompyuta isikae tena ofisini. Ikae wapi? Kwa aliyeonewa. Wakapiga kura, mikono yote ikaenda juu. Katibu atakuwa anakwenda huko kila siku kuangalia maji, mchana kweupe, mwenye nyumba akiwepo.

Baada ya kikao tulifanya msaragambo wa tuta, kazi ya pamoja, kijiji kizima na majembe. Tumelifukua shimo lile hadi mwisho wake na kulijaza mawe. Hakuna aliyenisemesha.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya kwanza kwa Mama Blessing. Waya wa kipimo umevutwa hadi kwake, na kompyuta iko sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, mahali walipokaa wazee wetu wakinywa chai. Nikaiwasha. Programu ya ndiva ikaanza, taa ikawaka, diski ikaanza kukwaruza.

"Kelele hii itakaa humu ndani kwangu?" akauliza. Alikuwa amekaa nyuma yangu.

Nikafungua mipangilio ya programu. Sijawahi kuifungua kabla ya leo, nilikuwa najua kuifunga tu. Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, iandike kila baada ya muda gani. Nikaweka dakika kumi. Ya pili, ianze faili jipya lini. Nikaweka kila siku. Nikahifadhi. Taa ikapepesa mara moja, ikazimika. Sebule ikawa kimya.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Inaandika, halafu inapumzika."

"Na ule mpira wenu ungechezeka, na yenyewe inaandika?"

Ningeweza kusema sijui. Nikaufungua mchezo. Wachezaji wakakimbia, mpira ukapigwa, nikaacha dakika kumi zipite hadi taa ilipopepesa tena. Hakuna kilichoganda.

"Ungechezeka."

"Umetumia muda gani kuirekebisha?"

"Hata dakika tano hazifiki."

Alichukua kapu, akatoka. Dirishani nikamwona ameinama shambani anang'oa maharage, shina baada ya shina, anapekua majani kutafuta maganda, anarusha shina kwenye rundo la chakula cha ng'ombe. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, juzi alimwagilia kwa zamu yangu. Mashina yalikuwa ya kijani na yamesimama. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza akaniita bila kuinua kichwa.

"Anold. Njoo."

Nikafunga mchezo, nikatoka, nikaanzia mstari wa pili. Tuling'oa mpaka saa kumi. Kwenye mistari mitatu aliyoimwagilia kwa kikombe tulijaza kapu. Kwenye mistari mingine nilipekua kila shina, nikapekua tena, na sikupata ganda hata moja.